Swali la Pili: Barua kwa Walimu Wenzangu wa Pwani

Birmingham, Uingereza

Walimu wenzangu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo na Unguja,

Mimi nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Birmingham, na kila tukizungumza kwa simu nasikia kilio kilekile: wanafunzi hawasemi. Ukiwauliza, wanaitikia kwa pamoja au wananyamaza. Naandika kwa sababu dawa mojawapo tunayo, nayo haingoji bajeti wala kompyuta. Ni swali la pili, lile linalofuatia jibu la mwanafunzi.

Mwaka 1975, John Sinclair na Malcolm Coulthard wa Chuo Kikuu cha hapa Birmingham walichapisha uchambuzi wao wa mazungumzo ya darasani. Waliona mtindo unaojirudia: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu, kisha swali jipya. Mtindo huo tunaujua sote, ndio uliotulea. Kasoro yake ni kwamba ile "vizuri" ya mwalimu humaliza mazungumzo pale ambapo kufikiri kungeanza.

Chukueni somo la maji kupwa na kujaa. Mwalimu anauliza sababu yake, mkono unanyooshwa: "Mwezi." Ni sahihi, na wengi huishia hapo. Sasa uliza: "Mwezi ni mmoja, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku?" Darasa litanyamaza kwanza. Kisha huenda mtoto wa mvuvi, asiyenyoosha mkono siku zote, akasema kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati yake huwa maji mafu. Mwulize: "Umejuaje? Na nyakati hizo mbili, jua na mwezi vimekaaje?" Kisha wageukie wengine: "Nani anakubaliana naye? Nani ana wazo jingine, na kwa nini?" Hapo watoto huanza kujibizana wao kwa wao, na mvuto wa jua na mwezi huingia darasani kupitia ujuzi waliotoka nao nyumbani.

Ule ukimya wa mwanzo msiuogope. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza masomo ya sayansi na kuonyesha, katika miaka ya 1970, kuwa kwa kawaida walimu walingoja jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wanafunzi waliodhaniwa wazito walianza kuchangia. Tena, swali la pili aulizwe aliyepatia sawa na aliyekosea. Ukimfuatilia aliyekosea peke yake, watoto watajifunza kuwa kuulizwa tena ni kuumbuliwa.

Najua kuna kikwazo kikubwa zaidi, nacho ni lugha. Tanzania Bara, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza anafundishwa kwa Kiingereza. Jibu la neno moja anaweza kulikariri, lakini "kwa nini" inamdai maelezo, na maneno yanamkauka kinywani. Mwacheni ajieleze kwanza kwa Kiswahili, kisha darasa lisaidiane kuiandika hoja yake ubaoni kwa Kiingereza cha mtihani. Mwenye hoja ataitafutia maneno. Aliyekariri maneno hana cha kueleza.

Na darasa la watoto 80? Wape walioketi dawati moja dakika mbili wajadiliane, kisha mmoja aeleze alichosema mwenzake, na wewe umfuatilie huyo. Wachache watasikika mbele, lakini wote watakuwa wamezungumza.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Alikuwa akiwazia raia, si watahiniwa tu. Mtoto aliyezoea kuulizwa "umejuaje?" ndiye atakayemwuliza hivyo mgombea anayeomba kura yake na mfanyabiashara anayemuuzia mbegu.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika andalio la somo la wiki ijayo, chini ya kila swali kuu wekeni mawili ya kulifuatia, moja la kudai sababu na jingine la kuwakaribisha wanafunzi wengine. Kisha niandikieni watoto walisema nini. Nitawasomea wenzangu wa huku majibu hayo, kwa kuwa nao pia wanahangaika na ukimya huo.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
Mwalimu wa jiografia, Birmingham