Moto, Hatua Saba na Hati ya Ndoa

Juma hili nataka tuzungumze habari za arusi, lakini nitaanza na arusi isiyo ya kwetu. Nitaeleza arusi ya Wahindu, kisha nitarudi nyumbani, maana nimeona kwamba liko jambo moja wanalolishika sana ambalo sisi watu wa Meru na Embu twalilegeza.

Mwenye duka mmoja mjini Meru, Mhindu wa asili ya Gujarat, ambaye nimenunua kwake kwa miaka mingi, alinialika katika arusi ya binti yake. Nalikwenda nikidhani kwamba nitaona fahari tu, yaani sari nyekundu, dhahabu na vyakula vitamu. Nikaketi karibu na mzee wa ukoo wao, nikamwuliza, "Mzee, mambo haya yote yana maana gani?" Akanijibu, "Bwana karani, tazama kwanza, nitakueleza moja moja."

Kabla ya siku yenyewe bibi arusi hupakwa hina mikononi na miguuni, na wote wawili hupakwa manjano ili kuwatakasa na kuwatakia heri. Jambo hilo si geni kwa mtu aliyekaa pwani, kwani Waswahili nao humpaka bibi arusi hina na kumsinga kwa liwa.

Siku ya arusi husimamishwa kibanda cha nguzo nne kilichopambwa maua. Bwana arusi akifika mlangoni hupokewa na mama mkwe, naye hujaribu kumshika pua. Watu hucheka sana, lakini mzaha huo una fundisho: umekuja kuomba, basi ingia kwa unyenyekevu. Halafu pazia huwekwa kati ya wawili hao, na likiisha kuondolewa wazazi huuweka mkono wa binti yao katika mkono wa mumewe. Ncha ya nguo ya mume hufungwa pamoja na ncha ya sari ya mke.

Ndipo huwashwa moto mdogo, na kuhani wao huutilia samli. Moto huo, uitwao Agni, ndio shahidi wa ndoa. Wagujarati huuzunguka mara nne, kwa ajili ya mambo manne ya maisha: wajibu, mali ya haki, mapenzi, na wokovu wa roho. Ndugu wa kiume wa bibi arusi humtilia nafaka mikononi naye huitoa motoni, ndiyo kusema kwamba ukoo alikotoka haujamtupa.

Baada ya hayo huja hatua saba, ziitwazo saptapadi. Hatua ya kwanza ni kwa ajili ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne furaha, ya tano watoto, ya sita majira mema ya miaka, na ya saba urafiki. Nilishangaa kusikia kwamba ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, si mali wala watoto, bali mume na mke kuwa marafiki.

Sheria ya Kenya nayo iliziheshimu hatua hizo. Sheria ya Ndoa na Talaka za Wahindu ya mwaka 1960 ilisema kwamba, palipo na desturi ya hatua saba, ndoa hutimia hatua ya saba ikanyagwapo. Kabla ya hapo, hata karamu ikiwa kubwa namna gani, hapana ndoa.

Sasa turudi kwetu. Siku moja alikuja ofisini kwetu mama mmoja mjane kutoka upande wa Embu. Shemeji zake walikuwa wakimfukuza shambani, wakisema kwamba hakuwa mke bali mgeni tu. Nikamwuliza, "Mama, unayo hati ya ndoa?" Akanijibu, "Mwanangu, mbuzi walichinjwa, asali ikaletwa, pombe ikanywewa. Lakini wazee walioinywa wamekwisha kufa." Nalimwelekeza kwa chifu na kwa wazee wachache waliosalia, na mpaka leo shauri lake halijaisha.

Wasomaji, desturi yetu haina upungufu wa maana. Kitita cha miraa kinachopelekwa kwa baba wa msichana huko Igembe na Tigania, kondoo, ng'ombe na chombo cha asali, vyote ni maneno yasemwayo mbele ya mashahidi, kama ule moto. Lakini moto huzimika, na wazee hufa. Karatasi hubaki.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyochukua mahali pa ile ya 1960, imeziweka pamoja ndoa za Kikristo, za serikali, za mila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote yapasa ziandikishwe. Waliooana kwa mila wapeleke habari kwa Msajili katika miezi mitatu baada ya kumaliza taratibu, kisha waombe hati kabla ya miezi sita kupita, nao wafike wote wawili.

Najua vijana watasema, "Bado sijamaliza mahari." Udhuru huo haufai. Sheria hiyo yasema kwamba mila ikidai mahari, kiasi kidogo kilicho ishara tu chatosha kuithibitisha ndoa. Nanyi wazazi, msiwageuze binti zenu kuwa bidhaa. Wahindu nao walipata taabu hiyo kwa upande wa pili, kwani kwao mali ilidaiwa kwa wazazi wa msichana, hata India ikapiga marufuku desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 1961. Mali ikitangulia mbele ya ahadi, huharibu nyumba, itoke upande wowote.

Basi, ndugu yangu uliyeoa miaka kumi iliyopita na huna hati, mchukue mkeo mwende kwa Msajili. Ihesabu kuwa hatua yenu ya nane. Ukimpenda kama rafiki, hutakubali asimame siku moja mbele ya meza ya karani, akitafuta shahidi asipate.