Baruti ya Machimboni Isifike Baharini

Anayeishi hapa Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, anaijua baruti. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likigota kwenye mwamba mgumu, mlipuaji hupanga baruti kwenye matundu, hufunga fataki za kuilipua na tambi za kuziwasha, wachimbaji hupanda juu, kisha ardhi hutikisika. Hiyo ni kazi halali ya baruti. Tahadhari hii inahusu baruti inayobaki, isiyoandikwa kwenye daftari la stoo.

Kwa miaka mingi, wavuvi haramu wa pwani yetu wamepata baruti iliyoibwa au kuuzwa kwa magendo kutoka migodini na kwenye kazi za ujenzi. Nyingine waliichanganya wenyewe kwa mbolea na mafuta. Uvuvi wa baruti ni marufuku tangu 1970. Hata hivyo, kufikia 2015 ulikuwa umezagaa kuanzia Tanga hadi Mtwara, na milipuko mingi ilipigwa jirani na Dar es Salaam, mbele ya macho ya serikali yenyewe.

Mvuvi hujaza baruti kwenye chupa, huchomeka fataki na tambi fupi, huwasha na kuirushia kundi la samaki. Mshindo hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na wengi huzama badala ya kuelea, kwa hiyo haokoti wengi wa aliowaua. Wachanga hufa pamoja na wazazi wao. Kasa na pomboo walio karibu hawasalimiki. Tumbawe lililokua kwa makumi ya miaka hugeuka kifusi, na juu ya kifusi kinachosukumwa na mawimbi tumbawe changa halishiki. Wapo wavuvi waliokatika mikono. Huko Tanga, maji hayohayo ndiyo makazi ya silikanti, samaki wa kale aliyetengewa hifadhi ya bahari mwaka 2009.

Polisi, maofisa uvuvi na wa maliasili walipoanza kufanya kazi pamoja, milipuko ilipungua sana. Ninachohofia ni kwamba ushindi huo utatuponyoka kutokea huku kwetu. Bei ya dhahabu imepanda, maduara yanaongezeka, na baruti inayosafirishwa ni nyingi. Boti ya doria haiwezi kuwa kila mahali baharini, lakini stoo ya baruti ina mlango mmoja na kufuli. Hapo ndipo pa kuanzia.

Tume ya Madini ikague stoo bila kutoa taarifa, ihesabu fataki zilizoingia na zilizolipuliwa, na hesabu isipolingana polisi waitwe siku hiyohiyo. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ikikamata baruti ufukweni isiishie kwa mvuvi. Ifuatilie ilitoka stoo ya nani. Nanyi wenye maduara wa Segese, Kakola na Geita, mtu asiye na kibali akija kuwaulizia fataki, msimuuzie hata moja, na mtoe taarifa kabla hajafika kwa jirani.