Kilichoogopwa Butere kiliogopwa pia Kamiriithu

Bila shaka uliiona ile klipu. Aprili 10, 2025, Nakuru: wasichana wa shule ya upili ya Butere wanaingia ukumbini. Watazamaji hakuna, vyombo vya sauti hakuna, mwelekezi wao hayupo. Wanaimba wimbo wa taifa, wanatoka. Nje polisi wanarusha vitoa machozi. Na haya yote baada ya Mahakama Kuu kuamuru mchezo wao, Echoes of War, uruhusiwe.

Serikali nzima kuogopa mabinti wa shule? Ili uelewe, rudi nyuma hadi Julai 1977.

Mwezi huo Ngugi wa Thiong'o alizindua riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood. Riwaya hiyo inawachana bila huruma wakubwa waliojitajirisha baada ya uhuru. Na unajua nani aliizindua rasmi? Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha. Hakuna aliyekamatwa.

Oktoba mwaka huo huo, Ngugi na mwenzake Ngugi wa Mirii wakaleta jukwaani Ngaahika Ndeenda kule Kamiriithu, Limuru. Malalamishi yalikuwa karibu yale yale: ardhi, mishahara duni, matajiri wapya. Ila sasa yalisemwa kwa Kikuyu, na waigizaji walikuwa wakulima na vibarua wa hapo hapo kijijini. Wenyewe ndio waliojenga jukwaa, pahali wazi pasipo paa. Kwenye mazoezi waliwasahihisha hata waandishi, wakiwaambia mzee haongei hivyo. Mwigizaji akilia kwamba mshahara hautoshi, jirani yake aliyeketi pale mbele alijua ni shilingi ngapi.

Novemba leseni ikafutwa. Desemba 31 Ngugi akakamatwa, akazuiliwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka wa 1982 kikundi kilipojaribu tena na Maitu Njugira, kilikuta milango ya Ukumbi wa Kitaifa imefungwa. Machi, polisi wakaenda Kamiriithu kubomoa jukwaa. Mbao, jamani! Mbao zilikuwa zimeandika nini?

Sasa ona ajabu hii. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa Nairobi, katika Ukumbi wa Kitaifa wenyewe. Watu walinunua tiketi, wakacheka, wakaenda nyumbani. Unaweza kusema nchi imekomaa. Mimi nadhani mchezo ulikuwa umegeuka historia, na watu wa mjini wenye tiketi mkononi hawamtishi yeyote.

Echoes of War haikuwa historia. Ilihusu vijana, mitandao na wazee wasiowasikiza, miezi kumi hivi baada ya maandamano ya Juni 2024. Na waliopanda jukwaani walikuwa vijana wenyewe.

Utaniambia mwandishi, Cleophas Malala, ni mwanasiasa, na siasa hazifai shuleni. Hoja hiyo si ya kutupwa. Hata mwaka wa 2013, mchezo wake mwingine ulioigizwa na Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku hadi mahakama ikaingilia kati. Safari hii alikamatwa kabla ya siku ya kuigiza. Lakini wanasiasa husema makali kuliko hayo kwenye runinga kila jioni, na kesho yake wanarudi kusema tena. Wasichana wale walipanda basi wakarudi Butere, mchezo wao haujaigizwa.