Wanafunzi na Karatasi za Serikali

Mzazi wa huku kwetu Mombasa akisikia watu wakisema "kuingia Serikalini" huwaza jambo moja tu, nalo ni kuandikwa kazi: meza, kiti, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtoto akimaliza masomo, barua za kuomba kazi huanza kuzungushwa bandarini na Treasury Square, na majibu yakikawia husemwa kwamba Serikali haina haja naye. Mimi ni karani, nami siidharau kazi ya kuandikwa, maana ndiyo inilishayo. Lakini iko kazi nyingine ya umma ambayo mwanafunzi aweza kuianza angali na madaftari yake mkononi. Kazi hiyo ni kuzisoma karatasi za Serikali na kuwasomea wengine.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 196, imelilazimisha kila Bunge la Kaunti kufanya shughuli zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kaunti ya Mombasa ina wadi 30, na tano kati yake zimo katika jimbo la Mvita hapa kisiwani: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo, na Ganjoni/Shimanzi. Tena fedha za Kaunti zina majira yake kama kilimo kilivyo na majira yake. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, waraka wa mpango wa fedha hupelekwa Bungeni kabla ya kwisha Februari, na makadirio yenyewe kabla ya kwisha Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu ajaye mwezi wa Agosti kulalamika kwamba mtaro wa mtaa wake haukutengewa fedha ni sawa na mkulima apandaye mahindi mvua zikiisha.

Nilipata kuhudhuria mkutano mmoja wa kupokea maoni. Mzee mmoja alipewa kitabu kinene cha makadirio, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Akakiweka mapajani kwa adabu, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenyewe. Kando yake aliketi mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alikichukua akaanza kupekua. Baada ya kitambo nikamsikia akinong'ona, "Babu, taa za njiani zimo, lakini mtaa wetu haukutajwa." Mzee akasimama na kuuliza swali hilo hilo kwa Kiswahili safi, akataja na ukurasa. Maofisa wakatazamana, kisha wakaanza kupekua vitabu vyao. Katika mkutano mzima sikusikia swali lililojibiwa kwa uangalifu kama lile.

Jambo hili si geni hapa Mji wa Kale. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti lake Al-Islah ili watu wa pwani wapate kusomewa mambo ya ulimwengu kwa lugha waifahamuyo.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba maoni hutolewa yakatupwa. Neno hilo lina uzito, nami siwezi kulipuuza. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za kwao, wakausambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, na watu waliuawa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakuelezwa kwa nini maoni yao yalikataliwa. Lakini tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo mtoa maoni hana ahadi ya kukubaliwa.

Hata hivyo anayo silaha nyingine, nayo watu wachache huitumia. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi yapasa kujibu katika siku 21. Ombi lenyewe halina ada, ila gharama ya kunakili. Akinyimwa bila ya sababu ya haki, hupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mwanafunzi aulize mtaro fulani ulitengewa kiasi gani, na ni kiasi gani kilichotumika. Barua ya mistari sita yatosha. Nimeona ndefu zaidi zisizouliza kitu.

Wapendao kuingia ofisini wenyewe wasivunjike moyo. Tangu mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Umma imekuwa na mpango wa kuwafundisha kazi vijana waliomaliza Chuo Kikuu, na wale walio bado masomoni, kama wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, waweza kuomba mafunzo ya muda katika ofisi za umma. Wenye kutamani kura wamkumbuke Bw. John Paul Mwirigi, aliyechaguliwa Mbunge wa Igembe Kusini mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 23 na angali mwanafunzi.

Barua za maoni juu ya makadirio huandikiwa Karani wa Bunge la Kaunti. Mwandishi ataje jina lake, wadi yake, na ukurasa anaousemea. Mwenye kuipeleka kwa mkono na achukue nakala ya pili, aombe ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.