Boksi la Kweli, Pedi ya Uongo



Anayeteremka kutoka Bugarama kuja Bujumbura anashuka zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona, na mguu hautoki kwenye breki. Hapo pedi zinapata moto mkali. Pedi nzuri imetengenezwa ivumilie moto huo. Pedi feki ikishachemka inakuwa kama kioo, inateleza juu ya diski, dereva anakanyaga na gari halisimami. Dukani zote mbili zinafanana, na boksi ni lile lile lenye jina la kiwanda cha Japani. Tumeanza na breki kwa sababu ndani ya magari hayo wamo watoto wetu wanaorudi likizo.

Ukilalamika unaambiwa: Wachina ndio wanaotuharibia. Hatukubali. Kiwanda cha China hutengeneza kwa bei anayoitaka mwagizaji, na China hiyo hiyo inatoa vipuri vinavyofungwa kwenye magari mapya. Aliyechagua daraja la chini kabisa, kisha akataka na boksi lenye jina la mwingine, ni mfanyabiashara wetu, tunayeswali naye safu moja.

Jibu la pili ni kwamba mteja anataka rahisi. Ni kweli, hali ni ngumu, na hatumlaumu mwenye teksi anayehesabu faranga zake. Lakini je, aliambiwa kuwa anauziwa kopi? Kipuri cha bei ndogo chenye jina lake mwenyewe hakimdanganyi mtu. Hata mtumba uliotolewa kwenye gari la Japani mara nyingi ni afadhali kuliko kipya cha uongo. Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona.

Na mafundi wetu wa Buyenzi, mtaa unaosifika kwa gereji, wasijifiche. Fundi stadi anaijua feki kwa kuishika tu: uzito wake, rangi ya chuma, herufi zilizokosewa. Anajua na ananyamaza, kwa ajili ya cha juu anachopewa na mwenye duka! Tumewahi kukata kwa msumeno filta mbili za oili zenye jina moja. Ya kwanza ilijaa karatasi iliyokunjwa vizuri. Ya pili karatasi ilikuwa chache, gundi imebanduka, na ile vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini haimo kabisa. Injini ya namna hiyo kila asubuhi inawaka ikiwa kavu, na ikifa, fundi yule yule analipwa tena kuifungua.

Majirani zetu wa Kenya wana sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na bado feki zinauzwa huko. Polisi hawezi kukaa nyuma ya kila kaunta.

Nanyi wenye magari, daini kipuri cha zamani kila mnapofungiwa kipya, na boksi tupu lipasueni hapo hapo gereji, kwani maboksi mazima hununuliwa yakajazwa upya. Fundi akikuomba umwachie, muulize analipeleka wapi.