Faida ya sato haimo katika wingi wa mabwawa

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaovutiwa na ufugaji wa samaki wa maji baridi huanza kwa kuuliza gharama ya kuchimba bwawa. Swali hilo huja mapema mno. Pesa hupatikana au hupotea katika mbegu, chakula na maji.

Kenya ilitoa funzo lililo wazi. Mwaka 2009 serikali, katika mpango wake wa kufufua uchumi, iligharimia uchimbaji wa mabwawa 200 yenye ukubwa wa mita za mraba 300 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140. Uzalishaji, ambao ulikuwa chini ya tani 5,000, ulipanda hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014. Ruzuku ilipopungua, mavuno yaliporomoka hadi karibu tani 15,000 mwaka 2016. Mabwawa yalikuwepo, vifaranga bora na chakula cha bei nafuu havikuwepo vya kutosha.

Adui wa kwanza ni samaki mwenyewe. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na dume na jike wakichanganywa bwawa hujaa watoto, chakula hugawanyika na wote hudumaa. Mwenye hoteli anataka samaki wa kujaza sahani, wa gramu 300 hivi, na dagaa wa bwawani hawamfai. Ndiyo maana vifaranga madume watupu, ambao hukua haraka kuliko majike, hulipa hata wakiuzwa ghali zaidi. Asiyewapata anaweza kuchagua madume kwa mkono, au kuweka kambare wachache, wadogo kuliko sato, ili wale watoto wanaozaliwa.

Uzao nao una thamani yake. Mradi wa kuboresha sato ulioanza Ufilipino mwaka 1988 ulitumia wazazi kutoka Misri, Ghana, Senegal na Kenya, na kila kizazi kilichochaguliwa kilikua kwa kasi zaidi ya kilichotangulia. Mali ya Afrika ikaongezewa thamani ugenini.

Chakula ndicho kinachomeza mtaji, kwa kawaida nusu ya gharama zote au zaidi. Hesabu ni hii: bwawa la mita 300 likiwekwa vifaranga 900, wakisalia 810 wa gramu 300, mavuno ni kilo 243. Kwa kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki, zitahitajika kilo 365. Uzembe ukifikisha kilo mbili na nusu, zitahitajika kilo 608. Tofauti hiyo ya kilo 243 ndiyo faida iliyozama majini, na chakula kilichobaki huoza na kumaliza hewa ya samaki.

Mfugaji makini hupima uzito wa samaki wachache kila baada ya wiki mbili na kurekebisha mgao. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji alfajiri, husitisha kulisha na kubadilisha sehemu ya maji. Hupunguza pia utegemezi wa dagaa, ambao ni kitoweo cha watu, kwa kutumia soya, mashudu ya alizeti na funza wa inzi wanaofugwa kwa taka za jikoni.

Kwa mwekezaji mdogo, nafasi nzuri zaidi huenda isiwe bwawa jipya. Kituo cha kutotolea vifaranga kinachoaminika, au mashine ya kusaga na kutengeneza chakula cha samaki, huhudumia mabwawa mengi yaliyokwisha kuchimbwa. Anayeombwa kutoa fedha zake adai kwanza kuona daftari la mavuno: uzito wa samaki, kilo za chakula zilizotumika na idadi ya waliokufa. Pasipo daftari, afunge mkoba wake.