Safari ya Rabai, na Deni Nililolisahau

Wengi wenu huko nyumbani Kilimanjaro mmeniuliza, "Karani, nchi ya watu unaangalia nini siku za mapumziko?" Leo nitajibu, ijapokuwa jibu lenyewe litanitia aibu kidogo.

Sisi watu wa Mlimani tulifundishwa tangu darasani kwamba tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliuona mlima wetu, akawa Mzungu wa kwanza kuiona theluji yake na kuandika habari zake. Wataalamu wa Ulaya waliokaa vitini mwao wakambishia, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini je, Rebmann alitoka wapi siku zile, yeye na kiongozi wake wa njia, Bwana Kheri? Alitoka Rabai, mahali pa vilima na minazi, nyuma ya Mombasa. Basi tangu nije kufanya kazi huku nalikuwa na hamu ya kupaona.

Tena Rabai nilikuwa na mwenyeji. Ni mwalimu, Mrabai wa kuzaliwa. Nilipofika Mombasa mara ya kwanza, sijui njia wala mtu, yeye alinipokea katika chumba chake cha kupanga huko Kisauni. Kwa miezi mitatu tulipokezana, leo huyu kitandani, kesho huyu mkekani. Mkewe alipokuja kutoka shamba mwisho wa mwezi alituletea mihogo na nazi, akaniita shemeji, akanicheka nilivyokuwa nikimenya nazi kama mtu anayepigana nayo. Jumapili moja walinichukua wote wawili hadi Kengeleni, kuiona kengele ya Freretown, mji uliofanywa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Husimuliwa kwamba kengele ile ililia kuwaonya watu wafanya biashara ya watumwa walipokaribia.

Baadaye mwalimu akahamishiwa shule ya kwao. Tulipoagana nilimwahidi, "Mwezi huu huu nitakuja." Miezi kumi na minne ikapita.

Hatimaye Jumamosi moja nilipanda matatu hadi Mazeras, nikachukua pikipiki hadi Rabai. Nia yangu ilikuwa kutazama makumbusho kwanza, kisha kupita kwa mwalimu ikiwa muda utabaki. Yaangalieni maneno hayo, "ikiwa muda utabaki."

Makumbusho yenyewe yamo katika jengo la kanisa la kale, nayo yana jina la Dr. Ludwig Krapf. Humo nilikumbushwa habari zake. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, ambaye alikuwa mja mzito. Hata miezi mitatu haikutimia, homa ikamchukua Rosina mwezi wa Julai, na mtoto mchanga akamfuata mama yake. Krapf naye alikuwa mgonjwa. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mjane yule hakurudi kwao. Rebmann alipomfikia mwaka 1846 wakahamia Rabai pamoja, na Rebmann akakaa huku miaka 29, hata akarudi Ujerumani mwaka 1875 hali macho yake yamepofuka.

Nilitoka nje nikiwa nimeridhika. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akaniuliza, "Kijana, una mwenyeji hapa?" Nikamtajia mwalimu. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe umekuja kumpa pole."

"Pole ya nini, mzee?"

"Mkewe tulimzika mwezi wa tatu."

Wasomaji wapenzi, sikumbuki nilivyofika nyumbani kwa mwalimu. Nilikuwa mikono mitupu, hata robo ya sukari sina. Yeye alisimama mlangoni akasema, "Karibu, ndugu yangu. Umekula?" Hakunilaumu hata kidogo. Nilipomwuliza kwa nini sikupata habari, alijibu kwa upole kwamba siku ya msiba alinipigia simu mara mbili. Nalikuwa nimebadili namba, wala sikumwarifu.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho. Tukasimama. Kisha akasema, "Alikuwa akikuuliza. Alisema shemeji wa Mlimani hajapata nafasi tu."

Nafasi! Jumamosi zangu nilizitumia Fort Jesus na pwani ya Nyali, mimi na simu yangu ya kupigia picha.

Jioni alinisindikiza hadi Mazeras. Njiani aliniambia kwamba kila mwaka huwafundisha watoto habari za Krapf na Rosina, na kila mwaka mtoto mmoja huuliza, "Kwa nini hakurudi kwao?" Yeye hujibu kwamba aliitwa na Mungu, ndipo somo huendelea. "Mwaka huu," akasema, "mtoto aliuliza vile vile, nikashindwa kusema. Nikawaambia waandike tarehe tu."

Jumamosi iliyofuata nilirudi Rabai na unga, sukari na majani ya chai. Na ile ya baadaye yeye alikuja kwangu, tukaenda pamoja kwenye kaburi la Rosina. Hatukusema mengi. Mwalimu aliyaondoa majani makavu kwa mkono wake, kama aondoavyo kule chini ya mkorosho.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yeye alinifaa katika dhiki yangu. Mimi katika yake sikuwapo, na hilo sukari haiwezi kulilipa. Basi ninyi mlio ugenini, nendeni mkayaone ya kale, maana yana mafundisho mengi. Lakini kuta za kale zimengoja zaidi ya miaka mia, zitangoja hata mchana. Mtangulizeni mtu. Na mkibadili namba ya simu, waarifuni waliowapa mkeka siku ile hamna pa kulala.

Nawatakia Jumapili njema. Wasalimuni wazee wote huko nyumbani.

Ni mimi, Karani wenu.